Waifai ya Maktaba Ikikataa, Usikimbilie Kurudi Nyumbani

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuzungumze juu ya jambo linalosumbua wengi pale maktaba, au biblioteke kama tunavyosema sisi tuliotoka Kongo. Ni ile waifai ya bure. Simu inaonyesha alama imejaa, lakini ujumbe hauendi, fomu haifunguki, na mtu ametembea saa nzima juani. Anarudi nyumbani na hasira, anasema netiwaki ya kambini ni ya kudanganya watu tu.

Kwanza tukiri kosa letu. Mwaka jana alikuja binti mmoja aliyemaliza S.6. Alikuwa anaomba msaada wa masomo ya chuo, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa saa kumi jioni. Simu yake ilishika waifai vizuri, lakini kila ukurasa ulikataa. Tuliangalia mara moja tu, tukamwambia, "Dada, netiwaki imekufa, rudi kesho." Kesho yake fomu ilikuwa imefungwa. Ndipo tukaishika ile simu vizuri. Kumbe tarehe yake ilisema Januari 2015! Betri ilikuwa imechoka, na kila ikiisha kabisa tarehe inarudi nyuma. Netiwaki haikuwa imekufa hata kidogo. Mama yake hakutugombeza, alinyamaza tu, na kunyamaza kule kulituuma zaidi.

Tangu siku ile tumejifunza kutafuta shida hatua kwa hatua. Tunawaletea hatua hizo.

Uliza jirani kwanza

Ile alama ya waifai inaonyesha kitu kimoja tu: kwamba simu yako na ruta ya maktaba wanasikilizana. Haisemi kama ruta yenyewe inafika kwenye intaneti. Ni kama bomba la maji: bomba unaliona, unalishika, lakini tanki likiwa tupu hupati kitu. Basi muulize aliyekaa pembeni yako. Kama wote wamekwama, shida iko kwa ruta, kwa umeme wa sola au huko mbele zaidi, na kazi hiyo ni ya msimamizi. Mwambieni. Kama ni wewe peke yako, shida iko kwa simu yako, endelea kusoma.

Angalia tarehe na saa

Tovuti nyingi siku hizi zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama vile karatasi yetu ya familia. Simu inayodhani tuko 2015 inaona cheti ambacho muda wake haujaanza, kwa hiyo inakataa na kuandika kwamba ukurasa si salama. Rekebisha tarehe, mwaka na saa kwa mkono, halafu jaribu tena. Inachukua dakika moja. Dakika hiyo ndiyo tulimnyima yule binti.

Ukurasa wa kukubali masharti hauji

Netiwaki nyingi za umma zinakuletea kwanza ukurasa wa kukubali masharti au kuandika namba. Usipoukubali, hupiti. Ukikataa kuja, angalia kama una VPN. Hapa Uganda watu wengi waliweka VPN tangu Julai 2018, ilipoanza ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, na wengine Januari 2021, Facebook ilipozuiwa wakati wa uchaguzi. Kodi ile iliondolewa 2021, lakini VPN zilibaki kwenye simu zinafanya kazi kimyakimya. VPN inaweza kuzuia ukurasa ule usifunguke. Izime, kubali masharti, kisha ukitaka uiwashe tena. Bado hauji? Fungua kivinjari, andika anwani yoyote inayoanza na http bila ile herufi s mwishoni. Mara nyingi ukurasa wa masharti utatokea wenyewe.

Simu inazunguka tu, haipewi namba

Kila simu inayoingia, ruta inaipa namba yake, kama tunavyopewa namba kwenye foleni ya mgao. Namba hizo zina kikomo. Ruta ndogo kwa kawaida haina zaidi ya 253 za kugawa, na nyingine zimepangwa kugawa chache kuliko hapo. Na simu iliyo mfukoni nayo inahesabiwa, hata kama mwenyewe anasoma kitabu. Kwa hiyo ukimaliza, zima waifai, umwachie mwenzako nafasi. Kwenye kompyuta, ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue haijapewa namba na ruta, imejipa yenyewe.

Dawa yake: zima waifai, hesabu mpaka kumi, washa tena. Ikishindikana, gusa jina la netiwaki, chagua kuisahau (simu za Kiingereza zimeandika "Forget", za Kifaransa "Oublier"), halafu ingiza neno la siri upya. Angalia herufi kubwa na ndogo, ni tofauti.

Kaa mahali pazuri

Mabati na kuta nene vinazuia mawimbi. Waifai nyingi zina njia mbili: ya 2.4 inafika mbali kidogo na inapita ukuta vizuri zaidi, ya 5 ina kasi lakini inachoka haraka. Simu za zamani nyingi hazioni ya 5 kabisa. Ukiona majina mawili, aliye mbali achague ya 2.4, aliye karibu na ruta achague ya 5.

Tusisahau wengine

Njia ya intaneti ni moja kwa wote. Mtu mmoja akipakua filamu, mama anayeongea na mtoto wake aliye mbali anakatikakatika. Zima pia programu zinazojisasisha zenyewe. Na jambo la usalama: muulize msimamizi jina kamili la netiwaki, maana mtu anaweza kuweka jina linalofanana ili kuiba. PIN ya pesa ya simu usimpe mtu, wala usiiandike kwenye ukurasa usioujua.

Wazazi, kama hamna simu kubwa, bado ukurasa huu ni wenu. Mtoto akisema "netiwaki imekataa", mwulizeni: umeangalia tarehe? Umeuliza jirani? Na vijana, fomu yenye siku ya mwisho msiingoje siku hiyo. Anzeni wiki moja kabla.

Yule binti ameomba tena mwaka huu. Bado anasubiri jibu. Siku hizi mtu akileta simu iliyokwama pale mezani, hatumwambii arudi kesho. Tunaanza na tarehe.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.