Kuchora Zaun Ukiwa Musonoi: Hela Iende Wapi?

Kijana wa Musonoi, mtaa wa wachimbaji huko Kolwezi nchini Kongo, akiitazama katuni ya Arcane, mji wa Zaun haumpi shida kuuelewa: kuta zenye kutu, hewa nzito, na juu yake mji tajiri wa Piltover unaong'aa. Musonoi yenyewe ilijengwa na kampuni ya migodi ya Union Minière ili wafanyakazi wake wakae karibu na mashimo ya shaba. Hamu ya kuchora mji wa namna hiyo kwa kompyuta inaeleweka. Kinachobaki ni hesabu ya mfuko.

Gharama za wenyewe zisikutishe. Arcane ilianza kuonyeshwa Netflix Novemba 2021, na gazeti la Variety liliandika kwamba misimu yake miwili ilikula dola milioni 250 pamoja na matangazo. Hata hivyo, studio ya Fortiche ya Paris ilipaka rangi mandhari zake nyingi kwa mkono, kama wachoraji wa picha za ukutani. Kazi ya mkono haidai mashine ya kifalme.

Tuanze na programu, maana hapo ndipo wengi hupoteza hela bure. Photoshop hainunuliwi, hukodishwa: takriban dola 23 kwa mwezi, zaidi ya 270 kwa mwaka, na siku ukiacha kulipa inajifunga. Inataka pia kadi inayokubalika mtandaoni, na kila baada ya muda inaomba intaneti ili ikague leseni. Procreate inauzwa dola 13 mara moja tu, bei ya kupendeza, ila haikai popote isipokuwa kwenye iPad, na iPad ya bei ya chini pamoja na kalamu yake inavuka dola 400 hata kabla ya nauli ya kuifikisha Kolwezi. Krita ni bure kabisa. Ina brashi za kila aina, ina matabaka, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Photoshop inaishinda katika kukata na kuunganisha picha za kamera, nakubali, lakini kwa mtu anayepaka rangi sioni kinachostahili dola 270 kila mwaka.

Blender, programu ya 3D, nayo ni bure. Asikudanganye mtu kwamba cha bure ni cha kitoto: filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender ikachukua Oscar mwaka 2025. Kwa mchoraji wa mandhari, faida yake kubwa ni kupanga maboksi matupu yawe majengo, kuweka kamera na jua, kisha kuipeleka picha hiyo Krita na kupaka rangi juu yake. Kompyuta ya mtumba yenye RAM ya giga 8 inaweza hilo. Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, pia haidai senti kwa anayejifunza, lakini kuipakua kunameza makumi ya giga, na huku kila giga unainunua kwa Vodacom, Airtel au Orange. Mwenye rafiki aliye nayo kwenye diski, aiombe kwake.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo lolote ni umeme. Waya wa umeme kutoka bwawa la Inga, wa kilomita 1,700 hivi, umefika Kolwezi tangu 1982, ila ulivutwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mtaani taa huzimika. Ndiyo maana kati ya kompyuta ya mezani yenye nguvu na laptop ya kawaida yenye betri nzima, mimi nachagua laptop bila kusita. Ile ya mezani yenye kadi kali ya picha inaweza kula wati 300 au zaidi ikifanya kazi nzito, na umeme ukikatika katikati, kazi ambayo hujaihifadhi imekwenda. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achomoe chaja, ufungue Krita mbele yake, uchore nusu saa.

Kwa kalamu, bodi ndogo ya kuchorea ya Huion au XP-Pen inapatikana nje kwa dola 30 hadi 60. Wacom ni ghali zaidi, na anayeanza hataiona tofauti. Asiye na hata hizo aanze na programu ya ibis Paint kwenye simu. Matangazo yake yanaudhi, lakini kwa kujaribu rangi inatosha.

Rangi zenyewe hazina bei. Kile kijani cha Zaun kimo ndani ya jiwe la malakiti: liweke mezani, limulike kwa tochi kutoka pembeni, ulipige picha. Usithubutu kupiga picha ndani ya eneo la kampuni ya mgodi, walinzi hawataki kusikia habari za sanaa. Na kama nia yako ni kuuza, Zaun ni mali ya kampuni ya Riot Games, nao huruhusu kazi za mashabiki zisizo za biashara. Badili majengo na majina tangu mchoro wa kwanza, kabla mteja hajapatikana.