Gari Linalochemka Kabla ya Timboroa

Mjini Nakuru maji ya chai huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua nguvu ya kuyakandamiza maji. Timboroa, ambako barabara ya Eldoret hupita zaidi ya mita 2,700, sufuria hutokota kwenye nyuzi 91. Wanaopika maharagwe huko wanaijua adha hiyo. Dereva wa Probox iliyosheheni viazi haijui, naye ndiye inayemhusu zaidi, maana maji ya injini yake kwa kawaida huwa na joto la kati ya nyuzi 85 na 100.

Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukichukulia kama kizibo tu, lakini ndani mna springi na mpira vya kushikilia presha. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, huyafanya maji ya injini pale Timboroa yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Springi ikilegea au mpira ukikatika, kinga yote inatoweka, na maji yanatokota punde tu baada ya thamostati kufunguka. Ndiyo maana gari likichemka mlimani huku kwetu, mimi huanzia kwenye kifuniko kabla ya kufungua nati yoyote. Ukinunua kipya, chukua chenye namba ileile. Cha presha kubwa zaidi kinaweza kupasua mabomba ya mpira yaliyozeeka.

Kifuniko kikiwa kizima, muulize dereva gari huchemka wakati gani. Likichemka kwenye msongamano na kupoa likishika kasi, kasoro iko kwenye feni: mota, rilei au fyuzi, na kwa magari yanayozungusha feni kwa mkanda, klachi ya feni. Likiwa sawa mjini kisha likachemka kwenye mpando wa Salgaa, rejeta huenda imeziba, ndani kwa kutu au nje kwa vumbi na wadudu. Hewa ya kule juu ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya pwani, hivyo rejeta iliyoziba kidogo hufichuka huko kwanza. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku thamostati iliyokwama au hewa iliyonaswa ndani ya mabomba.

Thamostati yenyewe imeonewa sana. Gari likichemka mara moja tu, makanika huing'oa na kuitupa, akidai sasa maji yatazunguka bila kizuizi. Kwenye injini nyingi za Toyota sehemu ya chini ya thamostati huziba njia ya mkato. Ikiondolewa, baadhi ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na joto likapanda zaidi. Siku nyingine, kwenye baridi ya Molo, injini hiyohiyo haipati joto la kutosha na petroli inakwenda bure. Ipime kwa sufuria na kipimajoto: ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na hapo. Usiilaumu isipofunguka hadi mwisho, kwa kuwa maji ya sufuria ya Nakuru huchemka kabla ya kufika joto la kuifungua yote.

Kuhusu maji, ya visima vingi vya Nakuru yana floridi na magadi. Magadi hula alumini, na rejeta za siku hizi ni alumini. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Dharura ikikukuta, maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima.

Mshale wa joto nao hudanganya. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Vitz na Passo nyingi hazina mshale, zina taa tu: ya samawati ya baridi na nyekundu ya hatari. Ikiwaka nyekundu, zima kipoza hewa, washa hita hadi mwisho ingawa utatoka jasho, kisha utafute pa kuegesha mbali na njia ya malori. Usifungue kifuniko kingali moto. Presha ikitoka ghafla, sehemu ya maji hugeuka mvuke na kuyarusha mengine usoni pako. Wala usimwage maji baridi kwenye injini inayofuka.

Maji yakiendelea kupungua bila tone chini ya gari, gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa. Moshi mweupe usiokoma, oili yenye rangi ya maziwa, au mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu mara tu injini inapowashwa ikiwa baridi, vyote vinaielekezea kidole. Hata hivyo, kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, dai ipimwe gesi: kuna dawa ya samawati inayowekwa mdomoni mwa rejeta, na moshi wa injini ya petroli ukipenya kwenye maji, dawa hiyo hugeuka njano. Ikithibitika na hedi ikafunguliwa, simama hapo fundi anapoiwekea rula ya chuma. Hedi ya alumini iliyopinda ikifungiwa gasketi mpya bila kusawazishwa kwenye mashine, itavujisha tena.