Bibi wa Kimakonde Aliyezikwa Bila Kitambulisho

Ajuza huyu, ambaye jina lake nalisitiri, alitoka Msumbiji angali kijana, akimfuata mumewe aliyekuja kukata mkonge Kwale. Baadaye wakakata miwa ya Ramisi hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, wengi wakabaki hawana kazi wala pa kurudi. Yeye akashika jembe. Shamba lilikuwa la kuazima, akapanda muhogo na kunde. Na kwa kuwa Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kila aliyetaka kujua jamaa zake alipelekwa barazani kwa Bibi. Nembo alizochanjwa usoni hakuzionea haya. Watoto wakizicheka, naye hucheka nao.

Wanawe na wajukuu walizaliwa papa hapa, nao hawakuwa na kitambulisho. Sisi majirani tulikula muhogo wake, wala hatukuuliza.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na vitambulisho vikaanza kutolewa Desemba. Bibi alikuwa amekwisha fariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, Shaabani ya mwaka uliotangulia. Mjukuu wake alipopata chake alikwenda nacho kaburini, akamsomea Yasini.