Njaa ya Sabaki haikuanza na mvua

Mtu akitaja njaa huku kwetu Kilifi, jibu liko tayari mdomoni: mvua haikunyesha. Mara nyingi ni kweli. Lakini iko njaa moja katika historia yetu ambayo mvua iliikuta njiani tu.

Tukumbuke kwanza Takaungu ilikuwa nini. Wamazrui walihamia hapa baada ya kutolewa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, na katika karne ile mji ukawa bandari ya nafaka. Mahindi, mtama na ufuta vilitoka mashamba ya mjini, yaliyolimwa na watumwa (hilo tusilifiche), na vingine vikateremshwa kutoka kwa Wagiriama, vikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Kwa hivyo shamba la bara likiungua, sufuria ya pwani nayo hupoa.

Mji wenyewe ulionja vita mwaka 1895, ulipozuka mzozo wa nani arithi uliwali baada ya kufariki Salim bin Khamis. Lakini kubwa lilikuja 1914.

Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mashambani kwa walowezi, na walitaka watu wahame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, kwenye ardhi yenye rutuba. Mekatilili wa Menza aliwalisha watu kiapo cha kukataa. Akakamatwa Oktoba 1913. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, siku zile zile Uingereza inaingia vitani na Ujerumani. Wagiriama wakainuka, askari wa KAR wakatumwa. Waliouawa wanakadiriwa 150 hivi. Nyumba zilizochomwa ni maelfu.

Hapo kwenye nyumba tusimame kidogo. Nyumba ya Kigiriama haikuwa ya kulala tu. Mahindi yakivunwa hupandishwa uchagani, juu ya meko, moshi uyalinde na fukusi. Humo mna chakula cha miezi, na humo humo mna mbegu ya msimu ujao. Kibiriti kimoja kinachoma kitanda, chakula na shamba la mwakani. Mbuzi nao walichukuliwa kwa maelfu, na mbuzi ndiye akiba: ndiye huuzwa uchaga ukiwa mtupu. Juu yake ikaja faini ya rupia 100,000, na amri ya kutoa wanaume 1,000 wakawe wapagazi wa vita.

Wapagazi wale ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa katika kazi ile, wengi wao kwa kuhara na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Kila aliyechukuliwa ni jembe lililolala, na familia yake ikabaki kulima upande wa kusini, kwenye ardhi isiyotosha.

Mvua ilipokosekana mwaka 1918, ilimkuta mtu hana uchaga, hana mbuzi, hana shamba la Sabaki, na mwanawe hajarudi. Ukame babu zake waliujua na walikuwa na njia za kuuvuka. Njia hizo ndizo zilizochomwa. Mwishoni mwa mwaka ikaingia homa ya mafua ya dunia nzima, ikakuta miili imeshadhoofika.

Njia ni hiyo hiyo hata leo. Agosti 2024 wataalamu walithibitisha njaa kuu katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher, Sudan. Mji ule ulizingirwa. Malori ya chakula yakazuiwa na soko likakauka. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeshalaani mwaka 2018, kwa azimio namba 2417, kuwatesa raia kwa njaa kama silaha. Azimio halikupitisha lori.

Sabaki nako, baada ya miaka michache serikali ile ile iliwaruhusu watu kuvuka na kurudi kaskazini. Waliorudi walianza kwa kufyeka, kujenga, na kuomba mbegu kwa jirani.