Mbona Habari Njema Twazificha?

Msomaji mpenzi, hebu hesabu leo umesalimiwa mara ngapi. Habari za asubuhi? Habari za nyumbani? Habari za watoto? Habari za shamba? Kabla jua halijapanda umekwisha kuulizwa habari mara kumi, pengine ishirini. Nawe umejibu nini? "Nzuri." Hata kama mtoto amelala na homa usiku kucha, umejibu "nzuri," ndipo ukaongeza, "ila mtoto." Hapo kwenye "ila" ndipo habari yenyewe ilipoanza.

Ndivyo zilivyo salamu zetu, wala si vibaya. Ni adabu kutomtwika mwenzako matatizo kabla hajatua mzigo wake. Lakini angalia jambo moja. Mabaya yana mlango wao wa kutokea, ndio huo wa "ila." Mema hayana mlango. Kuku wako ametotoa vifaranga kumi na kimoja katika mayai kumi na mawili: "nzuri." Mtoto wako wa darasa la pili jana amesoma ukurasa mzima bila kukwama: "nzuri tu." Umemaliza kulipa deni lililokunyima usingizi tangu mavuno: "nzuri, twamshukuru Mungu." Mwenzako anashika njia, hajui lolote.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bidhaa za sokoni labda ni kweli. Kwa habari, naona nusu ya pili tu ndiyo ya kweli. Mtu akianguka na baiskeli darajani, kabla hajafika zahanati kijiji kizima kimejua, na wengine wamekwisha kumvunja miguu yote miwili. Lakini aliyekaa mwezi mzima bila kuonja pombe, je, nani ametangaza? Mkewe peke yake ndiye ajuaye, naye ananyamaza asije akaharibu.

Sababu za kunyamaza twazijua sote. Ya kwanza ni kuogopa kijicho. Ya pili ni kuogopa kuombwa, maana ukisema mambo yamekunyookea, jioni utabishiwa hodi. Ya tatu ni kuogopa kuitwa mwenye majivuno. Sizicheki sababu hizi. Ziko nyumba ambazo zilipata shida kweli kwa sababu ya mdomo wazi. Lakini yafaa tupime vile vile hasara ya kunyamaza, maana hiyo hatuipimi kamwe.

Chukua habari ya mahindi. Wakulima mnamjua dumuzi, yule mdudu mdogo anayegeuza punje kuwa unga. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alitambuliwa kwanza huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengine wakampa jina la lori, Scania. Basi tuseme wewe, mama, mwaka jana uliyapukuchua mahindi yako mapema, ukayakausha barabara, ukayatia katika ile mifuko yenye nailoni mbili ndani. Ukaitoa hewa, ukafunga nailoni ya kwanza peke yake, na ya pili peke yake, kisha mfuko wenyewe. Mwezi wa Februari ukafungua. Punje nzima, safi, hakuna vumbi chini. Wadudu waliokuwamo wamekufa kwa kukosa hewa.

Ukafurahi moyoni. Ukatazama huku na huku, ukafunga tena. Jirani yako akapita na ndoo yake: "Habari za nyumbani?" Ukajibu, "Nzuri."

Naye jirani yule, mahindi yake yamo kihengeni, bado yamo katika magunzi, na dumuzi wako kazini mchana na usiku. Mwezi wa Machi anakuta maganda na unga. Sasa ananunua debe kwa debe, wakati bei iko juu, na fedha anayonunulia ni ile aliyoiweka kwa sare na madaftari ya mwanawe. Wewe hukumwibia. Hukumsengenya. Ukienda kuungama huenda usione dhambi ya kutaja. Lakini neno lako moja asubuhi ile lingemfaa kwa mavuno yajayo, nawe ulilimeza kwa kuogopa jicho lake. Na mwaka huu, akiwa na njaa, ataomba kwa nani? Si kwako wewe mwenye mifuko? Hodi uliyoikimbia imekuja, tena kubwa kuliko ile ya kwanza.

Wengine watasema: nikisema, watanifanyia. Wanamaanisha uchawi. Ndugu Mkristu, ulipobatizwa ulimkataa Shetani na mambo yake yote. Basi ya nini kumwachia awe bawabu wa nyumba yako, akuamulie neno gani litoke na lipi libaki ndani? Tena tuangalie kwa akili. Kijicho hukua zaidi kwa siri. Jirani akiona watoto wako wana shibe wala hajui njia uliyopita, ndipo anapoanza kuwaza mambo ya ajabu. Ukimweleza ya kuwa ni kupukuchua, kukausha na kufunga, hakuna ajabu iliyobaki.

Fungua Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 15. Yumo mwanamke mwenye drakma kumi, aliyepoteza moja. Drakma moja ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja. Akawasha taa, akafagia nyumba, akatafuta mpaka akaiona. Kisha afanya nini? Aifunga katika pindo la kanga kimya kimya? Hasha! Awaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Kwa drakma moja! Nami napenda hasa kwamba majirani wale lazima waliuliza ilipotea vipi, naye akawaeleza mambo ya taa na ufagio. Bwana wetu alipotaka kutuonyesha furaha ya mbinguni kwa mkosefu mmoja anayetubu, hakuchukua mfano wa harusi ya mfalme mahali hapa. Alichukua mwanamke wa kijijini na kijifedha chake. Katika sura ya kwanza ya Injili hiyo hiyo, Elizabeti alipojifungua katika uzee wake, majirani na jamaa walifurahi pamoja naye. Wangefurahije kama asingewaambia?

Lakini naona kosa kubwa zaidi haliko kwa msemaji, liko kwa msikilizaji. Na hapa nasema na akina baba na akina mama wote wawili. Mtoto anarudi shuleni mbio: "Mama, leo nimesoma ukurasa mzima!" Mama anasema, "Haya, nenda kachote maji." Mtoto mwingine amekuwa wa tano katika darasa la watoto sitini, naye baba anauliza, "Hao wanne waliokupita wanakula nini?" Baba anadhani amemtia bidii. Kesho mtoto huyo hatasema. Na siku atakapopata jambo kubwa, la hatari, la kumharibia maisha, hatasema vile vile, maana amejifunza ya kuwa nyumba hii haisikilizi.

Mwaka 2004 mtaalamu mmoja wa Marekani, Shelly Gable, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliangalia watu na wapenzi wao na wenzi wao wa ndoa: mmoja akileta habari njema, mwenzake aipokea namna gani? Wakaona namna nne. Yuko anayefurahi waziwazi na kuuliza maswali. Yuko anayesema "vizuri" kwa sauti ndogo kisha basi. Yuko anayetafuta kasoro. Yuko asiyesikia kabisa, anaanza habari zake. Namna ya kwanza peke yake ndiyo iliyoonekana kwenda pamoja na ndoa zenye upendo na maelewano. Hata ile ya pili, ya kusema "vizuri" na kunyamaza, haikusaidia. Akina baba wa kwetu, hiyo ya pili ndiyo yetu, sivyo?

Basi usiku huu mkikaa kula, uliza, lakini usiulize "habari za leo," maana utajibiwa "nzuri." Uliza: leo kitu gani kimekwenda sawa? Mtoto akisema amesoma ukurasa, sema, "Nisomee." Mkeo akisema sabuni aliyoitengeneza imeuzwa yote, uliza, "Nani alinunua ya kwanza?" Swali moja tu latosha kumwonyesha kwamba umesikia.

Kuhusu majivuno, tofauti si ngumu kuiona. Mwenye majivuno husimulia alipofika. Mwenye shukrani husimulia njia, na katika njia hiyo wamo watu: bwana shamba aliyemwonyesha, shangazi aliyemkopesha, mtoto aliyemshikia mfuko wakati wa kufunga. Wataje. Wala si lazima kutaja fedha. Mwambie jirani jinsi ulivyohifadhi mahindi. Idadi ya magunia ni siri yako na mwenzi wako. Tena yako majira. Siku mwenzako anazika, vifaranga vyako vinaweza kungoja. Mtoto wako amefaulu na wa jirani ameshindwa? Nenda kwanza ukamtazame yule wa jirani, habari yako wameshaisikia.

Na jumuiya zetu je? Maaskofu wa AMECEA waliamua mwaka 1976 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristu, nasi twakutana nyumba kwa nyumba. Matangazo yetu ni yapi? Wagonjwa, msiba, michango, waliochelewa kulipa michango. Yote ni ya lazima. Lakini mwenyekiti akisema, kabla ya maombi, "Nani ana la kushukuru wiki hii, hata dogo?", hapungukiwi kitu. Mara ya kwanza watainama wote. Basi katekista aanze yeye. Aseme bomba la paa lake lililovuja amelishinda hatimaye, na jinsi alivyolishinda, maana bila shaka yumo mwingine anayeloa.

Liko na jambo la simu. Kijana wako aliyeko mjini akiona jina lako katika simu huhesabu fedha mfukoni kabla ya kupokea, kwa sababu hujampigia hata mara moja bila "ila." Wiki hii mpigie. Ataogopa, atauliza, "Mama, kuna nini?" Mwambie hakuna kitu, ng'ombe amezaa, ni ndama jike, na mweupe usoni kama mama yake.