Mabingwa wa moto Gazi: nishati ipi rahisi, ipi ghali kuliko zote?

Kuna rekodi moja ambayo kijiji chetu cha Gazi hakitaivunja kamwe, nayo ni ya baridi. Kusi likishika kasi, Julai na Agosti, usiku wa pwani ya Kwale hushuka hadi nyuzi 20 na kitu, na hapo watu hujifunika shuka mbili na kulalamika kwamba dunia imebadilika. Nyumba hazina mahali pa kuotea moto. Anayewashiwa makaa chumbani kwa desturi ni mzazi aliye kwenye arubaini, na hata hilo wakunga na wauguzi wanalikataza dirisha likiwa limefungwa, kwa kuwa hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala haigongi mlango. Gharama yote iliyobaki ni ya chungu, na chungu hakijui kusi wala kaskazi. Mashindano yetu basi ni ya jikoni.

Taji la bei ya juu kuliko zote ni la mafuta ya taa, na halina mpinzani. Mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, na tangazo la Oktoba 2023 liliyafikisha Sh205.06 kwa lita jijini Nairobi. Ushuru wa mafuta ulikuwa umepanda mwezi Julai mwaka huo kutoka asilimia 8 hadi 16, na shilingi ilikuwa inateleza mbele ya dola. Tukumbuke pia kwamba tangu 2018 kila lita imebebeshwa tozo ya Sh18, iliyowekwa ili wajanja waache kuchanganya mafuta ya taa na dizeli. Waliokamatwa na tozo hiyo ni wajanja wachache, na mama wa kibatari wote. Pwani ina afueni kidogo: meli hushusha Mombasa, kwa hiyo bei ya Mombasa ndiyo ya chini nchini na ya Mandera ndiyo ya juu. Lakini afueni ya shilingi chache kwa lita haionekani unapoingia dukani na chupa ukasema, "Mwanangu, nipimie ya hamsini."

Na hapa ndipo hesabu za watu wengi zinapopotea. Tunalinganisha bei ya kununulia, wakati kinachotakiwa kulinganishwa ni chungu kilichoiva. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukiondoa joto linalopotea pembeni, huipa sufuria joto sawa na lita 11 hivi za mafuta ya taa kwenye jiko la utambi. Kwa makaa ni kilo 25 kwenye jiko la bati tupu, au kilo 17 kwenye lile lenye udongo ndani. Kwa kuni kavu kwenye mafiga matatu, karibu kilo 70. Chukua lita hizo 11 kwa bei ya Oktoba 2023, utapata zaidi ya Sh2,250, na hizo zinazidi bei ya kujaza mtungi. Anayeona mtungi ni wa matajiri na mafuta ya taa ni ya maskini amedanganywa na udogo wa chupa.

Makaa ndiyo bingwa wa udanganyifu huo. Gunia linaloletwa kutoka bara, huko Kinango na kwingineko kukavu, lina bei inayomtisha mtu wa kipato cha siku. Basi ananunua kwa mkebe, asubuhi mmoja na jioni mmoja, na mwisho wa mwezi amelipa gunia zaidi ya moja bila kuliona gunia. Muuzaji naye si mwizi. Yeye ndiye anayebeba unga na vipande vilivyobaki chini. Mwezi Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo yote mkebe haukuongezwa ukubwa.

Umeme ndio mnyonge kuliko wote. Sensa ya 2019 ilikuta chini ya asilimia 1 ya kaya za Kenya zikiutegemea kupikia, huku kuni zikiongoza kwa asilimia 55. Tuupite.

Kuni, basi. Ukitaka kuuona moto unaofanya kazi kubwa kuliko wote Gazi, nenda kwa mama karanga, mkaanga samaki, baada ya mashua kurudi. Samaki ameshaparwa, amechanjwa na kutiwa chumvi. Karai pana limekaa juu ya mafiga, mafuta yamejaa nusu. Vigogo vitatu vya mvinje vimeingizwa kichwa tu chini ya karai. Mafuta yakianza kutoa moshi anavuta kigogo kimoja nyuma. Akitumbukiza samaki na mafuta yakapoa, anakisukuma tena kwa mguu, huku mkono unageuza na macho yako kwa mteja. Kumwambia mtu huyu ahamie gesi ni rahisi kwa asiyekaanga. Karai lile halikai juu ya mtungi wa kilo 6, na biashara yake inahesabiwa kwa faida ya siku moja. Mvinje unastahili sifa hapa: mgumu, mzito, na huhesabiwa miongoni mwa kuni bora duniani.

Rahisi kuliko zote ni ile isiyouzwa: mnazi. Vifuu huwaka haraka na kwa ukali, na makaa yake ndiyo yaliyokuwa yakitiwa kwenye pasi za zamani. Makumbi hufuka polepole na kufukuza mbu. Karara na upongoo wa kuti ni vya kuwashia. Bei yake ni sifuri, mradi uwe na mnazi au jirani mwenye mnazi, na mradi usihesabu saa za anayeokota. Saa hizo karibu kila mara ni za mwanamke au mtoto, ndiyo maana haziingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Rekodi ya dunia inayokaa Gazi kwa haki ni ya kuni ambazo haziruhusiwi kuchomwa. Mkoko una moto mkali, na miaka ya 1970 misitu ya ghuba hii ilikatwa kwa wingi kulisha matanuri ya chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu. Upandaji wa kurudishia ulianza 1991, ukiongozwa na Dkt. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa jamii kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko: hekta 117, na karibu tani 3,000 za hewa ya ukaa zinazouzwa kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule, na 2017 mradi ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Vanga wamefuata na msitu mkubwa zaidi, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Waanzilishi walikuwa na akili ya jikoni pia: walipanda mvinje, maana huwezi kumkataza mtu mkoko bila kumwonyesha kigogo kingine.

Imebaki gesi, nayo ina rekodi ya kutoka mbali. Bei yake ya msingi hufuata ile inayotangazwa kila mwezi na Saudi Aramco, na bei hiyo hupanda wenye baridi kali wanapogombania propani ya kupashia nyumba. Hata gesi asilia, ambayo si hii ya mtungi, huifuata baridi: Agosti 2022 ile ya Ulaya ilipita yuro 300 kwa megawati-saa, watu wakangoja majira ya baridi kwa hofu. Baridi yenyewe ikaja legelege: tarehe 1 Januari 2023 Warsaw ilifika nyuzi 18.9, rekodi ya Januari mjini humo na karibu sawa na usiku wa kusi hapa kwetu. Bei huko zikaporomoka. Hapa nafuu ya walaji ilitoka zaidi Nairobi: kodi ya asilimia 16 iliyorudishwa kwenye gesi Julai 2021 ilishushwa hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikafutwa 2023.

Hukumu yangu ni hii: kwa chungu cha kawaida cha nyumbani, mafuta ya taa yametoka mashindanoni, na makaa ya mkebe yanayafuata kwa karibu. Usinisadiki bure. Peleka mkebe wako wa makaa kwenye mizani ya duka, upate bei ya kilo moja. Izidishe kwa 25 kama jiko lako ni bati tupu, au kwa 17 kama lina udongo. Jibu likizidi bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 mtaani kwako, anza kuweka akiba ya mtungi wiki hii.