Saladi ya embe msimu wa kaskazi: kazi inaanza kwenye maji ya kuoshea

Maembe yamejaa sokoni. Kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na joto kumfukuza mpishi jikoni, wakazi wa Kaunti ya Kilifi huwa na maembe mengi kiasi kwamba mengine huozea chini ya mwembe. Hata hivyo, katika nyumba nyingi embe halifiki mezani. Huliwa na watoto njiani wakitoka shule, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa wenye malori ya kwenda Kongowea.

Saladi ni njia rahisi ya kulileta tunda hilo kwenye sahani ya chakula cha mchana. Haihitaji makaa wala gesi, na karibu kila kitu kinachotiwa ndani yake hupatikana hapa hapa: embe, nanasi, tango, kitunguu, dania, ndimu, nazi na korosho. Lakini chakula kisichopita motoni kina sharti lake. Wali na mchuzi husafishwa na moto hata kama mpishi alikuwa na haraka. Saladi haina moto wa kuiokoa, kwa hivyo kilichoko kwenye ganda la tunda, kwenye kisu, kwenye kidole na kwenye tone la maji huingia tumboni kama kilivyo.

Wengi wanakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuenea katika kaunti nyingi. Nyakati kama hizo, familia nyingi huacha kabisa kachumbari na matunda ya kukatwa. Tahadhari hiyo inaeleweka, ila ikiendelea mwaka mzima inawanyima watoto vyakula wanavyovihitaji. Embe bivu lina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili, pamoja na vitamini C, ambayo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, kunde na mboga za majani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kiasi hicho ni kigumu kukifikia kwa mchicha wa kukaanga peke yake.

Kwa hivyo kazi inaanza kwenye maji. Katika maeneo ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, maji hukaa kwenye mitungi ya lita 20, au hununuliwa kwa mwenye mkokoteni bila mtu kujua yametekwa wapi. Maji kuwa meupe si ushahidi kwamba ni salama. Yachemshwe hadi yatokote vizuri kwa angalau dakika 1, kisha yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa. Asiye na kuni au makaa ya ziada anaweza kutumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha asubiri dakika 30 kabla ya kuyatumia.

Si lazima maji yote yawe yamechemshwa. Udongo na vumbi huondolewa kwanza kwa maji ya kawaida, na maji yaliyotibiwa huwekwa kwa ajili ya suuza ya mwisho. Kwa saladi ya watu 6, sufuria moja ya lita 3 hutosha. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuosha tunda kabla ya kulimenya. Embe, nanasi na tikiti maji huonekana kama vitu vinavyojilinda kwa ganda lake, lakini kisu kinapopita kwenye ganda chafu hubeba uchafu huo moja kwa moja hadi kwenye nyama ya tunda. Tikiti hulala chini shambani, na nanasi lina mikunjo inayoficha udongo, kwa hivyo yote mawili yanafaa kusuguliwa kwa brashi. Dania huoshwa likiwa limefunguliwa, si katika fungu lililofungwa kwa uzi. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na ubao uliokatiwa samaki au kuku mbichi haukatiwi matunda kabla haujasuguliwa kwa sabuni na maji ya moto.

Sokoni, embe linalofaa ni lililoiva lakini bado gumu kidogo, ili lisivurugike bakulini. Embe aina ya Apple na Ngowe yote yanafaa. Dalili ya kuaminika ni harufu kwenye kikonyo kuliko rangi ya ganda. Embe lenye rangi ya manjano kote, lisilo na harufu, na ambalo ndani ni chachu na jeupe huenda liliivishwa kwa kabaidi, kemikali ambayo huweza kuwa na chembe za sumu ya aseniki. Mwenye maembe mabichi anaweza kuyafunga ndani ya mfuko wa karatasi au gunia pamoja na ndizi mbivu. Gesi inayotoka kwenye ndizi huyaivisha kwa siku chache bila madhara yoyote.

Kwa watu 6, maembe 2 makubwa humenywa na kukatwa vipande vya ukubwa wa kipande cha sukari guru, pamoja na nusu ya nanasi, tango 1 na nyanya 2 ngumu zilizotolewa mbegu. Kitunguu kimoja hukatwa vyembamba, husuguliwa kwa chumvi kidogo ili ukali upungue, kisha husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Hapa ndipo mpishi mwangalifu huteleza: huosha kila kitu vizuri, halafu kitunguu akakisuuza kwa maji ya mtungi. Dania hukatwa mwishoni, na korosho zilizokaangwa, kiasi cha mkono mmoja, huwekwa kando hadi saladi inapopelekwa mezani, la sivyo hulainika.

Sosi ya kumwagia hutengenezwa nyumbani kwa dakika 5. Vijiko 6 vikubwa vya tui zito huchanganywa na maji ya ndimu 2, kijiko 1 cha chai cha asali, robo kijiko cha chai ya chumvi na pilipili mbichi iliyokatwa ndogo ndogo. Tui huongezwa kidogo kidogo huku likikorogwa kwa uma hadi lishikane na ndimu. Mafuta yaliyo ndani ya tui si ya ladha tu, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta kidogo ili kufyonza vitamini A inayotokana na embe. Asiyependa nazi anaweza kutumia vijiko 3 vya mafuta ya kupikia, na asiye na ndimu anaweza kuloweka ukwaju kwa maji ya moto na kuuchuja. Maziwa lala hayafai sana kwenye saladi hii, kwa sababu nanasi bichi huvunjavunja protini ya maziwa na baada ya muda mchanganyiko huwa mchungu.

Tui nalo lina tahadhari yake. Nazi yenyewe ikiwa ndani ya kifuu ni safi, lakini tui hukamuliwa kwa maji, na hili halipikwi. Mwaka 1991 huko Maryland, Marekani, watu waliugua kipindupindu kilichohusishwa na tui lililogandishwa kutoka Thailand. Dawa ni kukamua nazi kwa maji yaliyochemshwa yakiwa bado vuguvugu, ambayo pia hutoa tui zito zaidi kuliko maji baridi. Mbuzi na kifumbu, au kitambaa cha kuchujia, huoshwa kwa sabuni kabla ya kazi, si baada tu.

Kuna imani kwamba ndimu huua kila kitu. Ni kweli uchachu hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini hakuna mpishi anayeweza kujua kama kipande kilicho chini ya bakuli kimefikiwa na ndimu ya kutosha. Ndimu haichukui nafasi ya maji salama, na pilipili vilevile.

Sosi humwagwa wakati watu wameshakaa kula. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye tango na nyanya, na saladi iliyochanganywa mapema huogelea. Joto nalo halisubiri. Saladi iliyokatwa isikae nje kwa zaidi ya saa 2, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32, ambazo si chache Malindi wala Ganze, iliwe ndani ya saa 1. Kwa shughuli kubwa kama harusi au matanga, ni afadhali kukata kwa awamu kuliko kujaza ndoo alfajiri na kuigawa adhuhuri.

Wenye kisukari hawakatazwi saladi hii, ila wanashauriwa kupunguza embe na nanasi, kuongeza tango na kuacha asali. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwani huweza kumsababishia ugonjwa hatari wa kupooza misuli. Watoto wadogo wasipewe korosho nzima, huweza kuwakaba.

Wanaouza matunda ya kukatwa barabarani wana wajibu zaidi, kwa sababu Katiba inazipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara za chakula kwa umma. Mnunuzi ana haki ya kuuliza cheti cha afya cha mwuzaji, na ya kuondoka akiona vipande vimeachwa bila kifuniko au kisu kinachovywa kwenye ndoo moja tangu asubuhi. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au kwenye zahanati iliyo karibu.

Saladi iliyobaki ikiwa imeshatiwa tui haifai kulazwa, hata kwenye friji inayozimika umeme ukikatika. Vipande ambavyo havijatiwa sosi vinaweza kufunikwa na kuwekwa kwenye friji hadi kesho yake, na embe la namna hiyo hutoa juisi nzuri ya asubuhi. Maganda ni ya mbuzi.